Barua za Babu Kwenye Sanduku la Bati: Usiruke Salamu

Swali

Bibi yetu alifariki mwaka jana. Chini ya kitanda chake tulikuta sanduku la bati, na ndani, chini ya kanga na cheti cha ubatizo, kulikuwa na barua kama 50. Nyingi ni za babu, za miaka ya 1950 alipokuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge upande wa Korogwe. Nyingine ni vikaratasi tu: orodha ya vitu vya dukani, nani anadaiwa nini, michango ya msiba. Kaka zangu wanasema ni takataka, zichomwe. Mimi siwezi. Kila nikizishika naguswa na kitu nisichoweza kukieleza, ingawa nusu ya kila barua ni "msalimie huyu, msalimie yule", na mwandiko unabadilika kila baada ya barua mbili tatu kana kwamba babu hakuwa mtu mmoja. Nakunakilia moja:

"Kwa mke wangu. Salamu nyingi sana. Baada ya salamu mimi sijambo kidogo sijui nyinyi. Msalimie baba msalimie mama, msalimie dada na mume wake, msalimie mwalimu, mama wa mapacha na mapacha. Na mzee wa ngambo ya mto msalimie sana. Nimempa shemeji shs 20 akupe kodi ya baba itoke kwanza. Mbuzi mwenye baka usimuuze. Sina mengi ni mimi mume wako niliye mbali."

Shangazi yetu mkubwa, aliyekuwa akimsomea bibi barua hizi alipokuwa mtoto wa shule, bado yupo ila macho hayaoni vizuri. Je, barua hizi zina thamani yoyote nje ya moyo wangu? Na nizifanyeje?

Mjukuu, Njombe

Jibu

Pole sana, dada yangu, kwa kuondokewa na bibi. Na ahsante kwa kukataa kiberiti. Nimefanya kazi ya kuhifadhi nyaraka kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nakuambia bila kusita kwamba karatasi za aina hii ni miongoni mwa vitu adimu kabisa katika historia ya nchi yetu. Makabrasha ya wakuu wa wilaya wa kikoloni tunayo. Ripoti za idara ya kazi, hesabu za makampuni, tani ngapi za mkonge zilisafirishwa mwaka gani, hayo yote yamejaa kwenye rafu. Mtu usiyempata humo ni mkata mkonge mwenyewe akiongea na mkewe kuhusu mbuzi.

Fikiria yaliyozipita barua hizo. Karatasi kijijini ilikuwa na kazi nyingi baada ya kusomwa: kufungia chumvi, kuwashia moto, kusokotea tumbaku. Mchwa na mende hawakulala. Kisha ikaja Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, mamilioni ya watu wakahamishiwa kwenye vijiji vipya, wengine kwa haraka kiasi cha kuacha hata chakula ghalani. Ikiwa familia yenu ilihamishwa kipindi kile, basi kuna siku bibi alisimama mlangoni akaamua kitu gani kibebwe na kipi kibaki, na sanduku likabebwa. Waulize wazee wenu.

Nianze na mwandiko unaobadilika, maana hapo ndipo watu wengi hukata tamaa wakidhani barua zimechanganyika. Hazijachanganyika. Sensa ya 1967 ilionyesha kuwa takribani watu wazima wawili kati ya watatu Tanzania Bara hawakujua kusoma na kuandika, na miaka kumi nyuma yake hali ilikuwa ngumu zaidi. Mtu kama babu yako, jioni baada ya kazi, alimwendea mwenzake wa kambini aliyemaliza darasa la nne, au karani, au katekista, akakaa karibu naye akasema, na yule akaandika. Mwandishi akimaliza mkataba wake na kurudi kwao, babu alitafuta mwingine. Ndiyo maana mikono inabadilika. Jaribu kupanga barua zako kwa mwandiko kabla ya kuzipanga kwa tarehe. Utapata mafungu, labda manne au matano, na kila fungu ni mtu aliyekaa na babu yako kipindi fulani. Utaanza kuwatambua. Mmoja atakuwa na mazoea ya kuandika "apa" badala ya "hapa", mwingine atachanganya r na l, mwingine ataleta maneno ya dini ambayo hujawahi kumsikia babu akiyatumia. Makosa hayo usiyasahihishe unaponakili, hata moja. Nukta aliyoisahau mwandishi acha isahaulike. Tahajia hiyo ndiyo inayotuambia mwandishi alitoka wapi na alisomea kwa nani.

Upande wa pili, huku Njombe, barua nayo ilikuwa na msomaji. Mara nyingi haikufika nyumbani moja kwa moja, maana nyumba haikuwa na anwani. Ilikwenda misheni, shuleni au dukani, ikasubiri mtu wa kuibeba. Kisha akatafutwa mtu wa kuisoma kwa sauti, na palipokuwa na wazee wasiojua Kiswahili, ikageuzwa papo hapo kuwa Kibena. Kwenu kazi hiyo aliifanya shangazi, mtoto mdogo aliyezungukwa na watu wazima waliokuwa wakisubiri kusikia majina yao.

Sasa soma tena zile salamu ukiwa na picha hiyo. Unasema ni nusu ya barua, na unazisema kama mtu anayeomba radhi kwa niaba ya babu yake. Mimi nakuambia hizo ndizo barua yenyewe. Mambo ya fedha na mbuzi yangeweza kutumwa kwa mdomo, kwani shemeji alikuwa akija. Lakini mtu aliyeondoka kijijini kwa mwaka mmoja au miwili alikuwa na kitu kimoja cha kuogopa kuliko vyote, kusahauliwa au kudhaniwa kuwa amesahau. Akitaja mtu mmoja mmoja kwa mpangilio wa heshima, baba kwanza, kisha mama, kisha dada na shemeji, anaweka nafasi yake kwenye kile kikao. Anayetajwa anajua bado anahesabiwa. Asiyetajwa naye anajua.

Hili si la kwetu peke yetu. Huko Marekani, wanasosholojia William Thomas na Florian Znaniecki walichapisha kati ya 1918 na 1920 utafiti mkubwa uliojengwa juu ya mamia ya barua za wakulima wa Poland na ndugu zao waliohamia Marekani kutafuta kazi. Waliona kitu kilekile: barua inaanza na dini na afya, halafu mlolongo mrefu wa salamu kwa kila mtu wa ukoo. Hawakuziruka. Walieleza kuwa kazi kuu ya barua za namna ile ilikuwa kuonyesha kwamba undugu ungali hai japo kuna bahari katikati. Utafiti ule unasomwa vyuoni mpaka leo, na msingi wake ni karatasi ambazo kaka zako wangeziita takataka.

Kwetu pia salamu ndefu zina nasaba. Barua za Kiswahili za zamani zaidi tunazozijua ziliandikwa Kilwa kwa herufi za Kiarabu mwaka 1711, na leo zimehifadhiwa Goa, India. Hizo ni za watawala. Mwaka 1892 Mjerumani Carl Büttner alichapisha mkusanyiko wa maandishi ya Kiswahili ya herufi hizohizo, zikiwemo barua nyingi, na humo unakuta mwendo ambao babu yako angeutambua mara moja: salamu, hali, kisha shughuli, kisha salamu tena. Alipokaa kambini Korogwe na kusema "baada ya salamu", alikuwa ndani ya desturi iliyotoka pwani na kupanda bara kwa njia ya shule, misheni na makarani.

Turudi kwenye barua uliyoninakilia, maana ina mambo mengi kuliko urefu wake.

"Mimi sijambo kidogo." Mtu mwenye afya kamili angesema sijambo, akaendelea. Hapa kuna ugonjwa au jeraha ambalo hataki lisomwe mbele ya mama yake. Mkonge una miiba mikali kwenye ncha za majani, na maji yake yanawasha ngozi, kwa hiyo mikono na macho vilikuwa hatarini kila siku. Angalia barua inayofuata kama imechelewa, na kama kuna neno lolote kuhusu siku alizokosa kazi. Mashambani mshahara ulihesabiwa kwa kipande, kadi yenye siku 30 za kazi, na siku ambayo hukumaliza kazi yako haikuandikwa. Mtu akiugua wiki mbili, kipande kilisimama, na fedha za nyumbani zilisimama pia.

"Nimempa shemeji shs 20 akupe." Kwa nini ataje kiasi mbele ya watu wote? Kwa sababu barua ikisomwa kwa sauti inakuwa risiti. Shemeji amekaa pale pale, kila mtu amesikia ni shilingi ishirini, na hakuna mtu atakayezipunguza njiani akasema ndizo zilizotumwa. Mani oda ya posta ilikuwepo, lakini ilitaka uifikie posta, na kutoka vijiji vingi vya Njombe hiyo ilikuwa safari ya siku nzima au zaidi. Ndugu aliyemaliza mkataba ndiye aliyekuwa posta.

"Kodi ya baba itoke kwanza." Mzee asiyelipa kodi alikuwa hatarini kukamatwa. Katika neno hilo moja unaona ni nini kilichowatoa wanaume wa Njombe, Songea na Kigoma, na wengine kutoka Msumbiji na Ruanda-Urundi, wakapanda malori ya SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanzishwa 1944 kuandikisha vibarua. Vitabu vya historia vinaeleza jambo hili kwa sura nzima. Babu yako amelisema kwa maneno matano, na amelisema akiwa ndani yake.

Halafu "mbuzi mwenye baka usimuuze". Hapa nilisimama muda mrefu. Huwezi kumkataza mtu kuuza mbuzi kama hajakuambia kwamba anafikiria kumuuza. Kwa hiyo kulikuwa na barua ya bibi kabla ya hii, iliyoandikwa kwa mkono wa mwalimu pengine, ikisema mambo ni magumu na nimefikiria mbuzi. Barua zake hazimo sandukuni kwa sababu zilikwenda Korogwe na kubaki huko. Lakini ukisoma za babu ukijiuliza kila mara "hili ni jibu la swali gani?", utaweza kuandika upya nusu ya yale aliyoyasema bibi. Fanya hivyo kwa daftari pembeni. Ni kazi nzuri sana.

Na yule mzee wa ng'ambo ya mto, ambaye kati ya wote ndiye pekee anayesalimiwa "sana", na fedha zikatajwa mara baada yake? Anaweza kuwa mtu anayedai. Anaweza kuwa anayemsaidia bibi kulima. Mimi siwezi kujua kutoka hapa nilipo, ila shangazi anaweza, na nitarudi kwake.

Kabla ya hapo, vikaratasi. Kaka zako wakikubali kuacha barua, bado watataka vikaratasi vitupwe. Usikubali. Barua nyingi zimeandikwa kwa mkono wa mtu mwingine, lakini orodha ya sukari, sabuni na mafuta ya taa huenda ni ya bibi mwenyewe. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika muongo ule kina mama wengi wa umri wake waliingia darasani jioni, mtoto mgongoni, wakajifunza a, e, i, o, u. Tafuta herufi kubwa zilizokandamizwa kwa nguvu mpaka karatasi ikabonyea nyuma, maneno yaliyogawanyika pasipotarajiwa, namba zilizosimama wima. Pitisha kidole taratibu upande wa nyuma, utasikia. Mtu aliyesomewa barua zake kwa zaidi ya miaka kumi, siku moja ameandika "CHUMVI" mwenyewe. Na tazama ameandika kwenye karatasi gani. Wakati mwingine orodha huwa nyuma ya barua ya zamani, kwa kuwa karatasi tupu haikuwepo.

Ukitaka hoja ya kuwapa kaka zako, wape hii. Huko Uingereza, kwenye ngome ya zamani ya Warumi iitwayo Vindolanda, tangu 1973 wamekuwa wakifukua vibao vyembamba vya mbao vyenye maandishi ya wino ya karibu miaka 1,900 iliyopita. Miongoni mwa vilivyopendwa zaidi na watu ni mwaliko wa mwanamke mmoja kwa rafiki yake kwenye siku yake ya kuzaliwa, na kipande cha barua kinachotaja soksi, kandambili na nguo mbili za ndani zilizotumwa kwa askari. Vibao hivyo viko British Museum, London. Hakuna aliyeviandika akidhani ataandika historia. Nadhani hicho ndicho kinachokugusa unaposhika barua za babu na huwezi kukieleza: hakuandika kwa ajili yetu, kwa hiyo hakujipamba.

Sasa namna ya kuzitunza. Ukijaliwa kufanya jambo moja tu wiki hii, zitoe zilipo uzipeleke mahali pakavu, penye hewa, mbali na jiko na paa linalovuja. Njombe kuna ukungu na baridi, na unyevu ndio adui wa kwanza. Usizianike juani hata kidogo. Karatasi za daftari hutengenezwa kwa mbao, na mwanga huzifanya manjano na kuzivunja. Osha mikono, ikauke kabisa, ndipo ufungue. Barua iliyokunjwa miaka 70 ifungue polepole, na mkunjo ukigoma, acha, rudi kesho. Ondoa pini na klipu zilizoshika kutu bila kuvuta kwa nguvu, ondoa mipira ya kufungia maana huyeyuka na kunata. Iliyochanika usiibandike selotepu. Gundi yake inageuka kahawia na hakuna fundi atakayeiondoa bila kuondoa maneno. Kupitisha karatasi kwenye mashine ya lamineta ni kubaya zaidi, kwa sababu hakuwezi kutenguliwa. Na usilowanishe kitu chochote. Ukiona maandishi yenye rangi ya zambarau, huenda ni ile penseli iliyotumika sana maofisini, ukiilowesha kwa mate inatoa wino. Tone moja la maji linaifuta sentensi nzima.

Bahasha zote zibaki na barua zake, na stempu zibaki kwenye bahasha. Atakuja mtu kukuambia anazinunua. Stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika zenye uso wa mfalme au malkia zilichapwa kwa wingi sana, nyingi hazina bei ya maana zikikatwa, lakini kwako ni kalenda. Elizabeth alianza kutawala Februari 1952, hivyo barua yenye uso wake si ya kabla ya hapo. Yenye uso wa George wa Sita inaweza kuwa ya baadaye kidogo, kwani watu walimaliza stempu walizokuwa nazo. Muhuri wa posta ukisomeka, umepata tarehe na mji. Jina "Tanzania" lilianza kutumika mwishoni mwa 1964, kwa hiyo anwani nayo itakusaidia.

Piga picha kila ukurasa, mbele na nyuma, hata nyuma kukiwa kutupu. Simu inatosha. Weka barua mezani karibu na dirisha asubuhi, jua lisiipige moja kwa moja, zima flashi, simama juu yake wima. Ipe kila barua namba, andika namba hiyo kwa penseli laini kwenye kona ya nyuma, na jina la picha liwe namba hiyohiyo. Nakala ziwe sehemu mbili tofauti. Kisha weka barua zikiwa bapa kwenye boksi safi la karatasi ngumu. Sanduku la bati lenyewe lihifadhi pia, ila lisiwe na barua ndani kama lina kutu.

Usizigawe. Kila kaka kuchukua barua tano za kumbukumbu kunaonekana ni haki, lakini mafungu ya waandishi, salamu zinazoongezeka na majina yanayotoweka huonekana tu zikiwa pamoja. Wape wote picha. Na kabla ya kuzitoa mtandaoni, kumbuka kwamba karatasi ni mali ya aliyepokea na warithi wake, ila haki ya kuyachapisha maneno ni ya aliyeandika na warithi wake, na kwa sheria za Tanzania na Kenya haki hiyo huendelea miaka 50 baada ya kifo chake. Kwenu warithi ni nyinyi nyinyi, hivyo kaeni mkubaliane. Zaidi ya sheria kuna majirani. Deni la mwaka 1956 linaweza bado kuwa na mjukuu wa mtu anayeona aibu.

Mkifika mahali mnataka zikae kwenye mikono ya umma, ziko taasisi. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipo Dar es Salaam, na Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hazina ya nyaraka za Afrika Mashariki. Andikieni kwanza, mwelezee kilichomo, mwombe masharti kwa maandishi: nani ataruhusiwa kusoma, na kama mtapewa nakala. Hakuna haraka.

Haraka iko kwa shangazi. Boksi linaweza kusubiri mwezi ujao, yeye nenda kwake Jumamosi hii. Chukua barua kumi tu, mbebee na sukari. Umweleze kwamba zamu ya kusoma sasa ni yako. Washa kinasa sauti cha simu kwa ruhusa yake, usome polepole, salamu zote, jina kwa jina, na kila jina unyamaze kidogo. Asiyemkumbuka, endelea. Anayemkumbuka, mwache aseme hata akitoka nje ya mada, na akiingia Kibena usimrudishe kwenye Kiswahili. Muulize alikuwa akikaa wapi anaposoma, nani alikuwa akilia, nini aliambiwa asikisome kwa sauti. Muulize mzee wa ng'ambo ya mto alikuwa nani. Ukirudi, andika siku hiyohiyo kabla hujalala, kisha unitumie orodha ya majina yaliyobaki bila mwenyewe, tusaidiane kuyatafuta.